Nyonyo Haikuwa Dawa Mpaka Ipikwe

Waheshimiwa waandaaji, wazee wangu, akina mama na akina baba, wakunga mliofika, nanyi vijana mnaosomea famasi: asanteni kwa kunipa nafasi hii.

Niliombwa nizungumzie mimea pori na tiba za jadi. Uwanja huo ni mpana, na mtu akitaka kuuzunguka wote kwa saa moja atawachosha watu bila kuwafundisha kitu. Kwa hiyo nimechagua mmea mmoja, mnyonyo, ambao wengine mnauita mbarika. Mnaujua. Huota jalalani, kando ya reli, kwenye magofu, popote udongo ulipovurugwa, bila kupandwa wala kumwagiliwa. Ukikatwa leo, mwezi ujao umechipua. Mafuta yake yanasifiwa kila siku kwenye simu zetu: ya nywele, ya macho, ya kupaka kitovuni, ya kuyeyusha uvimbe, ya kuanzisha uchungu. Na mbegu zinazotoa mafuta hayo hayo ni miongoni mwa mbegu zenye sumu kali zaidi ambazo mtu anaweza kuziokota njiani.

Nimekuja na hoja moja. Mapokeo yaliyodumu kuhusu mmea huu hayakuishia kwenye jina la mmea na jina la ugonjwa. Yalibeba kazi: kukaanga, kutwanga, kuchemsha, kuengua, kuchuja, kutupa. Kazi hiyo ndiyo iliyoigeuza nyonyo kuwa dawa, na ndiyo tunayoiacha nyuma tunapopokezana sifa zake.

Tuanze na mmea wenyewe, maana wengi wanaousifu hawajawahi kuusogelea. Kitaalamu unaitwa Ricinus communis, jina alilolichapisha Carl Linnaeus mwaka 1753, na katika jenasi yake uko peke yake. Asili yake ni kaskazini-mashariki mwa Afrika, ingawa sasa umeenea karibu kila nchi yenye joto. Shina lina pingili na ndani ni tupu. Majani ni mapana, yamegawanyika ndimi tano hadi kumi na moja, kingo zake zina meno, na kikonyo kimeshika jani kwa ndani, si ukingoni kama majani mengi. Tazameni shada la maua kwa makini siku mkipita karibu: maua ya kike yako juu, yametoa nyuzi nyekundu, na ya kiume yako chini, yana rangi ya manjano iliyofifia. Tunda ni kibonge chenye miiba laini na vyumba vitatu, kila chumba na mbegu yake. Likikauka hupasuka kwa mlio na kuzirusha mbegu mbali.

Na mbegu hiyo, ukiiweka kiganjani, ni kama kupe aliyeshiba damu. Inang'aa. Ina madoa na michirizi ya kahawia, kijivu na nyeusi, na nchani ina kinundu cheupe. Ni nzuri kweli, na uzuri huo ni sehemu ya hatari yake. Mtoto haokoti kitu kibaya, huokota kinachong'aa. Watu wazima nao wamezitoboa mbegu hizi wakatungia shanga na bangili, na ukishaitoboa umeshavunja ganda gumu lililokuwa kinga pekee kati ya sumu na mdomo wa aliyeivaa.

Binadamu alijua upande gani kwanza, wa dawa au wa sumu? Ushahidi tulio nao wa zamani zaidi ni wa sumu. Katika pango liitwalo Border Cave, karibu na mpaka wa Afrika Kusini na Eswatini, wanaakiolojia walipata kijiti chembamba kilichochanjwa chale. Mwaka 2012 watafiti walieleza kuwa kijiti hicho kina mabaki ya asidi za mafuta zinazotoka kwenye nyonyo, na kwamba umri wake ni takriban miaka 24,000. Maelezo yao ni kwamba kilitumika kupakia sumu kwenye ncha za silaha za kuwindia. Miaka elfu ishirini na nne! Kabla ya kilimo, kabla ya maandishi, kuna mtu aliyejua mbegu hii inaua, akajua jinsi ya kuishika yeye mwenyewe asife.

Kuhusu tiba, andiko la kale zaidi ninaloweza kuwaelekeza ni mafunjo ya Misri yanayoitwa Papiri ya Ebers, ya yapata mwaka 1550 KK, ambayo leo yako Leipzig, Ujerumani. Yana mamia ya maelekezo ya dawa, na mnyonyo umepewa sehemu yake. Mizizi yake ipondwe kwenye maji ipakwe kwenye kichwa kinachouma. Matunda yake yasagwe, yachanganywe na mafuta, mwanamke ajipake nywele zikue. Mafuta yake yapakwe kwenye vidonda vinavyooza. Na anayesumbuliwa na tumbo atafune kidogo cha tunda lake pamoja na bia.

Hilo la mwisho linanikwaza, na sitalificha kwa sababu tu linaisumbua hoja yangu. Hapo mbegu inatafunwa bila kupikwa. Waandishi wale walisema “kidogo”, na bila shaka walikuwa wameona kilichowapata waliozidisha. Hata hivyo nasema wazi mbele yenu: maelekezo hayo yasifuatwe na mtu yeyote. Ukongwe wa dawa haumhakikishii usalama anayeinywa. Katika vizazi vilivyofuata, sehemu nyingi duniani ziliacha kutafuna mbegu zikabaki na mafuta, na mimi naamini walijifunza kwa gharama ya maisha ya watu.

Namna mafuta yanavyopatikana ndiyo ninayotaka tuikazie macho. Mwanahistoria Mgiriki Herodotus, katika karne ya 5 KK, aliwaeleza Wamisri wa maeneo ya vinamasi waliokuwa wakipanda mnyonyo kandokando ya mito na maziwa. Alisema wengine huponda mbegu na kuzikamua, na wengine huzikaanga kisha huzichemsha na kukusanya kinachotoka. Mafuta hayo, akasema, ni mazito, yanafaa kwa taa, lakini harufu yake ni kali. Mtu yeyote aliyewahi kukaa karibu na chungu cha nyonyo atakubaliana naye kuhusu harufu.

Sasa sogeeni nami karibu na chungu hicho. Mbegu zimekaushwa juani mpaka zinagongana kwa sauti kavu. Zinatiwa kwenye chungu kisicho na maji, zinakaangwa huku zikigeuzwa ili zisiungue upande mmoja. Kisha zinatwangwa, na hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwa kuwa zinakuwa rojo jeusi linalong'ang'ania mchi. Rojo linatiwa kwenye maji mengi na kuchemshwa kwa muda mrefu. Kwanza hupanda povu la kijivu. Halafu vinatokea vidoa vidogo vya mafuta juu ya maji, vinatafutana, vinaungana. Mpishi anaviengua kwa upawa taratibu bila kuyachota maji ya chini, anavitia kwenye sufuria nyingine na kuvirudisha motoni. Mafuta yanaanza kulia na kurusharusha kwa sababu bado yana maji ndani yake. Mpishi anasikiliza. Kelele zikikoma, maji yamekwisha. Ndipo anaepua, anaacha yapoe, anachuja kwa kitambaa. Machicha anayafukia mbali, kuku na mbuzi wasiyafikie.

Mtu wa nje anaweza kuona hapo mila tu na kazi nyingi kwa mafuta kidogo. Lakini tukijua sumu ya nyonyo ni kitu gani, kila hatua ina sababu.

Sumu hiyo inaitwa risini. Alikuwa Hermann Stillmark, mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Dorpat, mji ambao leo ni Tartu nchini Estonia, aliyeitenga mwaka 1888 na kuipa jina hilo. Risini ni protini yenye sehemu mbili. Sehemu moja hujishika kwenye sukari zilizo juu ya seli ya mwili na kuiwezesha sumu kuingia. Ya pili, ikishaingia, huenda kwenye ribosomu, yaani mahali seli inapotengenezea protini zake, na kunyofoa kipande kidogo mno cha kemikali. Kipande hicho kikiondoka, ribosomu hiyo haifanyi kazi tena. Molekuli moja ya risini haishii kwenye ribosomu moja, inaendelea kuziharibu nyingine mpaka seli inakufa. Hiyo ndiyo sababu kiasi kidogo sana kinatosha kuangamiza.

Sasa warudieni wapishi wetu. Risini huyeyuka kwenye maji na haiyeyuki kwenye mafuta. Kwa hiyo mafuta yanapopanda juu, sumu inabaki chini, kwenye maji na machicha. Tena ni protini, na protini huharibiwa na joto, hasa joto la maji yanayochemka kwa muda wa kutosha. Kule kuengua bila kuchota maji, na kule kurudisha motoni mpaka mafuta yanyamaze, kunayaondoa mabaki ya maji ambayo yangekuwa na kilichobaki cha sumu. Kufukia machicha kunawaokoa mifugo, na hata leo mbwa hudhurika wanapokula mbolea iliyotengenezwa kwa machicha ya nyonyo ambayo hayakupashwa joto ipasavyo. Watu waliobuni njia hii hawakuwa na hadubini wala neno protini. Walitazama, wakakumbuka, wakawafundisha watoto wao mpangilio wa hatua na makatazo yake. Mimi naiita hiyo sayansi, na sioni haya kuiita hivyo mbele ya wanafunzi wa famasi.

Ndiyo maana nakosa subira ninapoona tangazo linalosema “saga mbegu za mnyonyo, changanya na asali, kunywa asubuhi”. Aliyeandika amechukua jina la dawa akaliacha jiko. Anampa mtu sumu, na asali inaficha ladha tu.

Turudi kwenye simulizi, maana mmea huu una simulizi nyingi na baadhi ni tamu mno kuziacha. Katika Biblia, kitabu cha Yona, nabii anakaa nje ya mji wa Ninawi akiwa amekasirika, Mungu anauotesha mmea juu yake uwe kivuli, naye anafurahi sana. Kesho yake alfajiri buu linautoboa, unanyauka. Mmea ulioota usiku mmoja na kufa usiku mmoja. Watu wanautaja kwa majina mbalimbali, lakini wataalamu wengi wa mimea ya Biblia wameona kuwa mnyonyo unafaa: hukua kwa kasi ya kushangaza, majani yake ni mapana, na ukijeruhiwa shina hunyauka upesi. Sitabishana na yeyote anayeufahamu vingine. Ninachokipenda katika kisa hicho ni kwamba katika kitabu chenye mfalme, samaki mkubwa na dhoruba ya bahari, mmea wa kujiotea ndio unaopewa kazi ya kumfundisha nabii huruma.

India imeupa mnyonyo heshima kubwa zaidi. Waganga wa Ayurveda, yaani tiba ya jadi ya huko, wana beti moja ya Kisanskriti inayofananisha ugonjwa wa viungo na tembo anayezurura katika msitu wa mwili, kisha inasema tembo huyo huuawa na simba mmoja tu, naye ni mafuta ya mnyonyo. Hao hao wana methali isemayo kwamba penye nchi isiyo na miti, hata mnyonyo huhesabiwa mti. Simba kwenye dawa, mnyonge kwenye msitu! Na huko Assam, kaskazini-mashariki mwa India, majani ya mnyonyo hulishwa viwavi wanaotoa hariri iitwayo eri, kwa hiyo kuna watu wanaovaa nguo zinazotokana na majani haya.

Ulaya ya zama za kati ililitazama jani, ikaona vidole vilivyokunjuliwa, ikauita mmea kiganja cha Kristo, na watu wakaamini una baraka ya kuponya vidonda. Baadaye mafuta yakapoteza umaarufu huko kwa muda mrefu. Mmoja wa waliochangia kuyarudisha hospitalini alikuwa tabibu Peter Canvane, aliyefanya kazi katika kisiwa cha St Kitts huko Karibi na kuchapisha maelezo yake kuhusu mafuta hayo mwaka 1764. Tusisahau wakati huo ni nani walikuwa wakiishi na kufanya kazi visiwani humo: Waafrika waliotekwa na kufanywa watumwa. Mpaka leo Jamaika inajulikana kwa mafuta meusi ya nyonyo, yanayotengenezwa kwa kukaanga mbegu, kuzitwanga na kuzichemsha, njia ile ile tuliyoitazama hivi punde. Watu walinyang'anywa kila kitu, mpaka majina yao, lakini kazi ya chungu ilivuka bahari vichwani mwao. Jambo hilo linanigusa kuliko mengine yote nitakayosema leo.

Mafuta haya yalitumika pia kwa ukatili, nalo nalitaja kwa ufupi. Italia ya miaka ya 1920, magenge ya Mafashisti yaliwashika wapinzani wao na kuwanywesha kwa nguvu mafuta ya nyonyo kwa wingi, waharishe mpaka wadhalilike, na wengine wakafa. Na mwaka 1978, mwandishi wa Kibulgaria Georgi Markov alichomwa kitu mguuni karibu na daraja la Waterloo mjini London. Alifariki siku chache baadaye. Ndani ya mwili wake kilipatikana kipira cha metali kidogo kama kichwa cha pini, chenye vitundu, na wachunguzi waliamini kilibeba risini. Upande mwingine, risini iliisaidia tiba: mwaka 1891 Paul Ehrlich aliwapa panya dozi ndogo ndogo akiongeza taratibu, mpaka wakastahimili kiasi ambacho kingewaua wenzao. Majaribio kama hayo yalisaidia kuweka msingi wa elimu ya kinga ya mwili, na mwaka 1908 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Élie Metchnikoff.

Sasa mafuta yenyewe, na swali ambalo akina mama wamenijia nalo hata kabla sijapanda jukwaani: yanafanya kazi?

Kama dawa ya kulainisha choo, ndiyo, bila ubishi. Karibu asilimia 90 ya mafuta haya ni asidi moja, asidi ya risinoleiki, ambayo ni kitu tofauti kabisa na ile sumu risini. Ukiyanywa, vimeng'enya vya utumbo mwembamba huyavunja na kuiachia asidi hiyo huru. Mwaka 2012 watafiti wa Ujerumani walionyesha, kwa panya, kwamba asidi hiyo huamsha vipokezi viitwavyo EP3, yaani sehemu za seli zinazopokea ishara, kwenye misuli ya utumbo, nayo misuli ikajikaza. Mtu mzima huenda choo ndani ya saa 2 hadi 6. Kwa tatizo la muda mfupi, dawa hii inakubalika hata kwenye vitabu vya famasi vya leo. Kwa matumizi ya kila wiki “kusafisha tumbo”, sikubaliani nayo hata kidogo. Mwili unapoteza maji na madini, utumbo unazoea kusukumwa, na tumbo halina uchafu wa kusubiri kupigwa deki. Na mtu mwenye maumivu makali ya tumbo ambayo hayajajulikana chanzo chake asiyaguse, kwa kuwa kidole tumbo au utumbo ulioziba unaweza kupasuka.

Watafiti hao hao waliona vipokezi vile vile kwenye misuli ya mji wa mimba. Wakunga mnaelewa mara moja maana yake. Simulizi ya kizazi na kizazi kwamba mafuta ya nyonyo huleta uchungu ina msingi katika mwili, si ndoto. Lakini msingi si ruhusa. Majaribio kwa wajawazito yametoa matokeo yasiyolingana, huku kichefuchefu na kuhara vikiwa vya kawaida, na mama anayetapika na kuharisha anaingia leba akiwa amekaukiwa. Mji wa mimba uliokazwa na kinywaji hauwezi kulegezwa kwa kufunga bomba, kama anavyofanya muuguzi anayetumia dripu. Mwenye kovu la upasuaji asithubutu. Mwenye mimba changa asithubutu. Nawaomba wakunga wa jadi na wa hospitali mlizungumze hili kwa pamoja, kwa sababu mama anayeficha kuwa amekunywa ni hatari kuliko mama anayesema, naye husema tu pale anapojua hatakemewa.

Kwenye ngozi, mafuta ni mazito na yanazuia unyevu kupotea, kwa hiyo ngozi kavu na nywele kavu hufaidika. Kwamba yanaotesha nywele kwenye upara, ushahidi mzuri haupo, ingawa Wamisri waliamini hivyo. Kwenye viungo vinavyouma, ile desturi ya kupasha jani motoni na kulifunga gotini imeenea mno, na naipokea kwa heshima: joto hutuliza, na majaribio ya wanyama yameonyesha kwamba asidi ya risinoleiki ikipakwa mara kwa mara hupunguza uvimbe. Jani lisiwekwe kwenye kidonda kilicho wazi.

Kuhusu maziwa ya mama, simulizi zinapingana kabisa. Visiwa vya Cape Verde majani yalifungwa kwenye matiti ili maziwa yaje, na kwingine majani hayo hayo hufungwa ili maziwa yakauke. Jani moja haliwezi kutii amri mbili. Nadhani joto la jani na mikono ya anayekanda ndivyo vilivyokuwa vikifanya kazi, na mikono hiyo ni tiba ya kweli, tusiidharau.

Machoni, hapana. Yapo matone ya hospitali yenye mafuta ya nyonyo ndani yake, lakini yametengenezwa kwa kipimo na yamesafishwa vijidudu vyote. Chupa ya jikoni haiko hivyo, na hakuna tone linaloyeyusha mtoto wa jicho, kinachouondoa ni upasuaji. Kitovuni, paka ukipenda, ni ngozi kama ngozi nyingine. Njia ya damu iliyopita hapo ilijifunga baada ya kuzaliwa, haipo tena ya kupeleka mafuta kwenye ini wala kwenye macho. Na uvimbe wa kizazi hauyeyushwi na kitambaa chenye mafuta. Nimekutana na wanawake waliokaa na damu nyingi miezi mingi wakisubiri kitambaa kifanye kazi, upungufu wa damu ukawafikisha pabaya. Hilo silisemi kwa upole, kwa sababu waliowauzia matumaini hayo walilipwa.

Vijana wa famasi watapenda kujua kwamba kiwandani safari ya nyonyo imefika mbali. Asidi ya risinoleiki ikipashwa joto kali huvunjika na kutoa asidi ya undesileniki, iliyomo kwenye dawa za kupaka za fangasi wa miguuni. Na mafuta yaliyobadilishwa kikemia hutumika kuyeyushia paklitakseli, dawa ya saratani isiyokubali maji, ili iweze kuingizwa kwenye mshipa, ingawa kiyeyushio hicho nacho huwaletea baadhi ya wagonjwa mzio mkali, ndiyo maana hupewa dawa za kuuzuia kabla ya dripu. India ndiyo inayozalisha sehemu kubwa ya nyonyo za dunia. Wafanyakazi wanaoshughulika na vumbi la machicha hupata pumu na mzio, jambo ambalo huwezi kulisoma kwenye lebo ya chupa.

Nina ombi kwa ninyi mnaokusanya maarifa ya wazee, maana najua humu ndani mmo. Mkikaa na bibi anayejua nyonyo, msiandike tu “mnyonyo: tumbo, nywele, viungo”. Orodha ya namna hiyo ni hatari ikifika mikononi mwa mtu mwingine. Mwulizeni alikaanga kwa muda gani. Mwulizeni maji yalikuwa kiasi gani, alijuaje kuwa yametosha, nani alikatazwa kukaribia, machicha yalipelekwa wapi, nani hakupewa kabisa hata akiomba. Mwulizeni alimwona nani akidhurika. Wazee wengi watawajibu maswali hayo kwa urahisi kuliko mnavyodhani, kwa sababu ndiyo waliyofundishwa kwanza, kabla ya sifa. Na mwandike pia kama ni mnyonyo huu au ni mbono kaburi, mmea mwingine wenye mbegu zenye sumu, ambao majirani wawili wanaweza kuuita kwa jina moja.

La mwisho ni la watoto, nami nataka mlibebe kama lilivyo. Nyonyo iliyomezwa nzima bila kutafunwa mara nyingine hupita tumboni na kutoka ilivyo, kwa sababu ganda ni gumu. Iliyotafunwa huachia sumu. Idadi inayoua haijulikani kwa uhakika, kuna waliopona baada ya kutafuna kadhaa na kuna waliodhurika kwa chache, kwa hiyo msihesabu ili kujipa moyo. Dalili huchelewa saa kadhaa: maumivu ya tumbo, kutapika, kuharisha, wakati mwingine damu, kisha mwili unakauka na viungo vya ndani vinaanza kushindwa. Dawa ya kuizima risini haipo, lakini wengi wanaowahishwa hospitali hupona kwa kuwekewa maji na kuangaliwa kwa karibu. Msimtapishe mtoto kwa kidole wala kumnywesha maziwa au mafuta kama dawa. Mtoeni mabaki mdomoni, chukueni mbegu zilizobaki pamoja na jani moja ili daktari aone ni mmea gani, mwende hapo hapo, hata kama anacheza na anasema haumwi.